Nimetengeneza dawa ya mimea ya kupaka vidonda vya homa mdomoni, nitajuaje kama kweli inafanya kazi?

MamaMshubiri (Muheza)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mimi natengeneza sabuni na mafuta ya kupaka hapa nyumbani tangu 2019, sabuni za mwani, za mchaichai, mafuta ya nazi nakamua mwenyewe, na uani nina mshubiri mwingi tu. Sasa kuna jambo linanisumbua naomba mnisaidie kwa wanaojua.

Tangu niko darasa la tano natokwa na vile vidonda vya homa mdomoni, wengine wanasema malaria imetokea mdomoni, bibi yangu yeye alikuwa anasema mende amenilamba usiku. Nikishinda juani sana au nikiwa na mawazo au siku zangu zikikaribia naanza kusikia mdomo unawasha na kuchomachoma pembeni kushoto, kila mara ni palepale, nikiamka kesho yake yameshatoka malengelenge madogo madogo yamebanana kama vitone vya maji, baadaye yanapasuka, yanachuruzika, yanafanya gamba. Harusi ya mdogo wangu nilikaa siku nzima na mtandio mdomoni, picha zote niko hivyo.

Mwaka jana nikasema ngoja nijaribu kitu. Nikachukua jeli ya shubiri, mafuta ya nazi, nta ya nyuki na matone kumi ya mafuta ya karafuu kwenye kikopo cha mililita 30. Nikapaka, siku ya nane nikawa nimepona kabisa. Jirani nikampa, akapona siku ya tisa. Shemeji naye hivyohivyo. Mpaka sasa nimeshawapa watu 11 na wote wamepona, ila binti wa jirani mdomo ulimbabuka akasema inachoma, na kundi la pili la vikopo baada ya wiki mbili juu kukatokea ukungu wa kijani na maji yakajitenga chini.

Sasa kuna dada ana duka Tanga mjini anataka vikopo 50 na anataka niandike "inatibu". Hela naihitaji sana sitaki kudanganya, lakini sitaki pia kumuuzia mtu kitu ambacho sikijui. Je watu 11 wanatosha? Na nitengenezeje isioze? Na kuna mmea mwingine ambao umepimwa kweli kwa hivi vidonda?

Mfamasia_Moro

Dada hongera kwanza kwa kuogopa kuandika "inatibu", wengi hawaogopi. Mimi nina duka la dawa Morogoro, swali la hivi vidonda naulizwa karibu kila wiki.

Tuanze na watu wako 11. Hivi vidonda vinaletwa na virusi vya hepesi aina ya kwanza, HSV-1, na watu wengi duniani tunavyo, WHO walikadiria kwa mwaka 2016 kwamba watu bilioni 3.7 walio chini ya miaka 50 wanavyo, wengi wao hawajawahi hata kutokwa na kidonda. Mende hana kosa. Ukishaambukizwa, mara nyingi utotoni kwa kubusiwa na mtu mwenye kidonda, virusi vinapanda kwa mishipa ya fahamu vinakwenda kujificha kwenye fundo la mishipa ndani ya kichwa karibu na sikio, vinalala huko maisha yote. Jua kali, homa, uchovu, hedhi vikiviamsha vinarudi kwa njia ileile ya mshipa, ndiyo maana wewe kila mara ni pembeni kushoto.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo pote tunapokosea. Kidonda hiki kinapona CHENYEWE kwa siku 7 mpaka 10, bila kupaka chochote. Kwa hiyo aliyepaka shubiri akapona siku ya nane, aliyepaka dawa ya meno akapona siku ya nane, aliyepaka majivu naye siku ya nane, na kila mmoja anaapa dawa yake ni kiboko. Watu 11 kupona haitoshi dada, hata wangekuwa 1100, kama huna watu wengine waliopaka kikopo kinachofanana lakini hakina dawa ndani ukalinganisha siku. Hata krimu ya asiklovia tunayouza dukani, ile ya asilimia 5 ya kupaka mara tano kwa siku, kwenye majaribio makubwa inapunguza kama nusu siku tu. Nusu siku! Sasa utaionaje nusu siku kwa macho kwa jirani na shemeji?

Mimea iliyopimwa kwa watu ipo. Kuna mmea wa jamii ya mnanaa unanukia limau, Melissa officinalis, Wajerumani walitengeneza krimu yenye asilimia 1 ya dondoo yake kavu, na kwenye jaribio lililochapishwa 1999 la watu 66 waliopaka mara nne kwa siku kwa siku tano, siku ya pili wale wa krimu ya mmea walikuwa na dalili ndogo kuliko wa krimu tupu, yaani ile isiyo na dawa ndani. Siku ya pili ndiyo siku mbaya kuliko zote, wewe unaijua. Waswisi nao 2001 walipima krimu ya mimea miwili, seji (sage) pamoja na rubabi (rhubarb), kwa watu 145, ikaponyesha kwa wastani wa siku 6.7, asiklovia siku 6.5, na seji peke yake 7.6. Lakini ukisoma vizuri jaribio hilo la Waswisi halikuwa na watu wa krimu tupu, kwa hiyo unajua tu kwamba ya mmea na ya dukani zinakaribiana, hujui zote mbili zimesaidia kiasi gani.

Asali ni hivyohivyo. New Zealand walichukua watu 952 kupitia maduka ya dawa kama hili langu, nusu wakapewa asali ya mti wa kanuka asilimia 90 na gliserini asilimia 10, nusu asiklovia, matokeo yakatoka 2019: siku 9 kwa asali, siku 8 kwa asiklovia, tofauti isiyo na maana kitakwimu, yaani inaweza kuwa bahati tu. Watu wakashangilia asali sawa na asiklovia. Mimi nasema sawa, lakini sawa na kitu cha nusu siku.

Karafuu: matone kumi ni kama nusu mililita, ndani ya 30 hiyo ni zaidi ya asilimia moja na nusu. Kwa ngozi wanashauri usipite nusu asilimia, na mdomo ni laini kuliko ngozi ya mkono. Binti wa jirani hakuwa na deko, umemuunguza. Ukungu nitakujibu nikifunga duka.

Kijana_wa_Mkinga

Jamani mbona mnajizungusha, chukua ndimu kata pasha kidogo motoni weka chumvi sugua mpaka damu itoke kisha kaa juani ikauke, siku tatu kwisha habari. Bibi yetu ametulea hivyo wote na tuko wazima.

BintiWaWete

Kaka yangu hapana, tena naomba hilo la jua uliondoe kabisa. Maji ya ndimu yana kitu kikikutana na jua juu ya ngozi kinaunguza kama maji ya moto. Mpwa wangu hapa Pemba alisuguliwa ndimu mdomoni akapelekwa shamba kwenye kuanika karafuu, jioni mdomo umevimba, kesho yake malengelenge yameshuka mpaka kidevuni yamefuata mkondo mulemule maji ya ndimu yalimochuruzikia, ukiangalia unaona michirizi kabisa kama ya machozi. Baada ya kupona alibaki na weusi kwenye michirizi ile miezi mingi. Na jua lenyewe ndilo linaloamsha hivi vidonda, sasa unatibu moto kwa petroli.

Na kusugua mpaka damu itoke unaeneza maji yale yenye virusi, unayatoa sehemu moja unayapeleka nyingine. Vidole vile vikigusa jicho ni balaa, hivi virusi vinaweza kula kioo cha jicho mtu akapofuka.

Lab_Rongai

Habari dadangu wa Muheza. Niko Kenya, nilifanya projekti yangu ya chuo kwenye hizi dawa za mimea na hepesi kwa hivyo acha nikwambie vile inaendaga maabara, maana watu husoma "mmea huu unaua hepesi" wakafikiri ni dawa tayari.

Unachukua seli hai unazikuza kwenye sahani. Seli zinazotumika sana zinaitwa Vero, zilitolewa Japani 1962 kwenye figo ya tumbili wa huku kwetu Afrika, wale wa kijivu wanaoiba ndizi, na mpaka leo zinaendelea kuzaana kwa maabara za dunia nzima. Zikijaa sahani unazimwagia virusi. Baada ya siku mbili tatu unatia rangi, pahali virusi vimeua seli panabaki tobo jeupe, unahesabu matobo kwa jicho moja moja. Sahani yenye dondoo ya mmea ikiwa na matobo machache kuliko isiyo nayo, kuna kitu.

Lakini sasa kuna mtego. Kuna gome nilipima likafuta matobo yote, nikafurahi sana, nikampigia simu hadi mama. Msimamizi wangu akaniuliza je seli ziko hai? Nikaangalia, seli zilikuwa zimekufa zote, gome lilikuwa linaua kila kitu, virusi na seli pamoja. Jik pia inaua hepesi na hauwezi kuipaka kwa mdomo. Kwa hivyo namba ya maana si kiasi kinachoua virusi, ni umbali kati ya kiasi kinachozuia virusi na kiasi kinachodhuru seli. Mafuta ya karafuu na ya mti wa chai (tea tree, si majani ya chai tunayokunywa) yanafanya vizuri kwa sahani, lakini huo umbali wao ni mdogo, ndiyo ile binti alibabuka. Mafuta ya mti wa chai walijaribu kwa watu Australia, jeli ya asilimia 6, kikundi kidogo sana cha watu 18, siku 9 dhidi ya 12 na nusu, na kwa udogo huo hauwezi kusema ni dawa ama ni bahati.

Kitu kingine, mimea mingi inashika virusi vikiwa nje, kabla havijaingia kwa seli. Vikishaingia ndani dondoo haivioni tena. Asiklovia ni tofauti, yenyewe inafanya kazi ndani ya seli iliyoambukizwa, kimeng'enya cha virusi vyenyewe ndicho kinaiwasha, kwa hivyo seli nzima haiguswi sana. Ni ujanja wa ajabu, Gertrude Elion wa kampuni iliyoitengeneza alikuwa kati ya waliopewa Nobel 1988. Sasa kwa dawa yako maana yake ni hii: mtu akipaka ile saa mdomo unawasha tu, kabla malengelenge, pengine kuna nafasi. Akipaka siku ya tatu umechelewa, unalainisha gamba tu.

Mmea wa kwetu upo pia. Mukawa, Wamaasai wanaita olamuriaki, Carissa edulis, ule mti wa miiba na matunda meusi matamu watoto hula wakichunga. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walichapisha 2006, walitoa dondoo ya maji ya mizizi, wakapima kwa seli na kwa panya. Panya walionyweshwa vidonda vilichelewa sana na wakaishi muda mrefu kuliko wasionyweshwa. Lakini angalia neno hilo, WALINYWESHWA. Haikuwa krimu. Kuitoa kwa kinywaji cha panya uifanye krimu ya mdomo wa mtu ni kazi ingine ya miaka. Na ni mzizi, tukianza kuuza vikopo 50 kila duka hiyo miti tutaimaliza, hilo linaniuma zaidi ya yote.

Mfamasia_Moro

Nimefunga duka sasa nirudi kwenye ukungu. Kwanza niseme Lab_Rongai amenifundisha kitu hapo kwenye kuwahi kupaka mapema, ahsante sana.

Dada, jeli ya shubiri karibu yote ni maji, asilimia 98 au 99. Mafuta ya nazi na nta havipatani na maji, ukikoroga kwa nguvu vinakaa pamoja siku mbili halafu kila mmoja anakwenda zake, na yale maji yaliyojitenga chini yana sukari ya mmea ndani yake, ni shamba la bakteria na ukungu. Ule wa kijani umeuona, bakteria huwaoni. Mtu ana kidonda wazi anachovya kidole anarudisha kidole kwenye kikopo, na joto la Muheza lile.

Njia ni mbili. Ya kwanza utengeneze krimu ya kweli, yenye emalsifaya ya kushikanisha maji na mafuta, na kihifadhi, na upime uchachu maana vihifadhi vingine kama sodiamu benzoeti havifanyi kazi kama mchanganyiko hauna uchachu wa kutosha. Ya pili uache maji kabisa, mafuta na nta tupu, lipshaini. Nta sehemu moja mafuta sehemu tatu au nne, kwa joto la Tanga ongeza nta kidogo isiyeyuke dukani. Haitaota ukungu kirahisi.

Lakini ya pili ina gharama yake na watu wengi wa vipodozi vya asili hawaijui. Vitu vinavyofanya kazi kwenye ile melisa ya Wajerumani vinatoka kwa MAJI, asidi ya rozmariniki na wenzake, haviyeyuki kwenye mafuta. Ukiloweka majani kwenye mafuta ya nazi wiki sita kama wanavyoonyesha kwenye video, unapata harufu nzuri na rangi ya kijani, kile ulichokuwa unakitafuta kimebaki kwenye majani unayamwaga jalalani. Jaribu majani ya chai kuyachemshia kwenye mafuta ya kula uone kama utapata chai.

Na ukikata jani la shubiri lisimamishe kwanza wima kwenye ndoo lichuruzike yale maji ya njano ya chini ya ganda. Hayo ni machungu yanaendesha tumbo na yanawasha ngozi, hutaki yaingie mdomoni mwa mtu.

Sasa la sheria kwa ufupi. Ukiuza kama lipshaini hicho ni kipodozi, kuanzia 2019 vipodozi viko TBS, shirika la viwango. Ukiandika "inatibu" tayari umeita dawa, na dawa ya asili ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya 2002, sampuli inapelekwa kwa Mkemia Mkuu. Na usijaribishe kwa majirani tena ukaita utafiti, utafiti kwa watu unahitaji kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndio wanatoa. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, waandikie, watu wenye mmea na historia ya matumizi ndio hao wanaowahitaji.

NesiChalinze

Naongeza moja tu kwa sababu nimeona wengi. Niko kituo cha afya. Kidonda cha homa kisichopona wiki mbili, au kinachokua, au kimezidi mwezi, hicho si cha kupaka shubiri wala asali, ni cha kuja hospitali kupima na VVU pia, maana kinga ikishuka hivi vidonda havifungi. Kuna mama alikuja kapaka vitu sita tofauti kwa wiki saba, kila muuzaji akimwambia ongeza dozi. Kwenye kikopo chako dada hata kama ni lipshaini tu naomba uandike hilo la wiki mbili. Na mwenye kidonda asimbusu mtoto mchanga, wale wa siku chache virusi hivi vinaweza kuwaua.

MamaMshubiri (Muheza)

Nimesoma yote mara tatu, mume wangu nikamsomea kwa sauti. Mungu awabariki.

Binti wa jirani nimekwenda kwao nikamuomba msamaha na nikakusanya vikopo nilivyogawa, vimerudi saba. Dada wa dukani nimemwambia siandiki "inatibu", akakasirika kwanza, baadaye akasema atachukua lipshaini 20 za nta na nazi bila karafuu, na nyuma nitaandika lile neno la Nesi la wiki mbili. Shubiri nimeitoa mpaka nijifunze hiyo emalsifaya na uchachu, nimesikia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo nitakwenda kuuliza. Muhimbili nimeanza barua, nimeandika mmea, nilivyoutumia, idadi ya watu, na yule aliyebabuka nimemuandika pia.

Swali langu la mwisho, kwangu mimi jua ndilo linaloniamsha, hakuna cha kupaka KABLA? Maana naona wote tunakimbizana na kidonda kikishatoka.

Mfamasia_Moro

Kipo, na hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu. 1991 kulikuwa na jaribio kwa watu ambao jua huwaamsha kama wewe, wakawamulika midomo kwa mwanga kama wa jua. Waliopaka kitu kisicho na kinga, 27 kati ya 38 walitokwa na vidonda. Waliopaka kinga ya jua, hakuna hata mmoja. Hakuna dawa ya kupaka baada ya kidonda inayokaribia hapo.

Lakini usikoroge zinki oksaidi jikoni ukauza kama kinga, unga ule unajikusanya mabonge, sehemu moja inakinga nyingine haikingi na aliyepaka hajui. Nunua lipshaini yenye kinga iliyopimwa, paka kabla ya kutoka na urudie kila baada ya saa mbili, na ukienda shamba vaa kofia ya ukili pana. Ukianza kusikia mdomo unawasha anza asiklovia saa hiyohiyo, paka kwa pamba si kwa kidole, pamba itupe, kikopo kiwe chako peke yako.

BintiWaWete

Kofia za ukili ninazo hapa Wete dada, nitakutumia moja kwa boti.